Vumbi Jekundu la Paris

"Mjomba, mbona soksi za yule mchezaji zimekuwa nyekundu? Alianza mchezo zikiwa nyeupe pe!"

Haya! Nani kauliza hilo? Sogea karibu nikuone. Watu 15,000 wamejaa pale uwanjani wanaufuata mpira kwa macho, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na wewe umetazama soksi. Jicho la namna hiyo ndilo nilipendalo.

Soksi zimekuwa nyekundu kwa sababu ya vumbi. Mashindano mnayoyaona kwenye televisheni yanachezwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Huanza kila mwaka Mei inapokaribia kwisha, yakaingia Juni. Yanaitwa Roland-Garros, kwa jina la uwanja wenyewe. Ulimwenguni yapo mashindano makubwa manne ya tenisi. Moja huchezwa kwenye nyasi. Mawili huchezwa kwenye sakafu ngumu. Haya peke yake huchezwa juu ya vumbi.

"Vumbi tu, Mjomba?"

Vumbi tu. Lakini habari za mtu aulizwe mwenyewe. Tumwite Vumbi, aje aseme.

"Hamjambo, watoto. Mimi ni Vumbi. Tafadhali msinipigie chafya. Mimi si vumbi la barabarani, lile linaloingia machoni lori likipita. Mimi nina ukoo. Nilikuwa tofali. Na kabla ya tofali, bibi zangu walikuwa vyungu."

"Vyungu vya kupikia?"

"Vyungu vya kupikia! Kusini mwa Ufaransa, karibu na bahari, upo mji uitwao Vallauris. Watu wake ni wafinyanzi tangu zamani. Jirani yake ni Cannes, mji wa hoteli na matajiri. Katika miaka ya 1880 walifika huko mapacha wawili wa Kiingereza, William na Ernest Renshaw. Wote wawili walikuwa wachezaji hodari, na William alikwisha kuwa bingwa wa Wimbledon, yale mashindano makubwa ya nyasi. Walizoea nyasi za kwao, zinazonyeshewa kila leo. Cannes jua ni kali. Nyasi zikakauka, zikafa. Sasa watacheza wapi? Husimuliwa kwamba walikwenda Vallauris wakachukua vyungu vilivyoharibikia tanurini, vile vyenye ufa, ambavyo hakuna mpishi angevinunua. Vikapondwapondwa mpaka vikawa unga. Unga ukamwagwa uwanjani. Mpira ukadunda vizuri. Basi bibi zangu wakapata kazi nyingine."

Siku hizi hawapondi vyungu. Huponda matofali ya kuchoma. Na sasa nitawaambia jambo ambalo hata wakubwa wengi hawalijui. Uwanja ule si mwekundu.

"Lakini tunauona mwekundu!"

Mnauona, ndiyo. Vumbi mwekundu yuko juu tu, unene wa milimita moja au mbili. Ungepitisha kidole ukamfuta, ungekuta weupe. Ule weupe ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Chini ya chokaa yapo masalia ya makaa ya mawe yaliyokwisha kuungua. Chini yake zipo kokoto. Chini kabisa yapo mawe makubwa. Ukichimba kutoka juu mpaka chini ni karibu sentimita 80.

"Kwa nini vitu vyote hivyo, Mjomba?"

Kwa sababu ya maji. Mnaujua mtungi wa bibi, ule unaokaa pembeni kivulini? Udongo wake hunywa maji kidogo, ukayatunza, ndiyo maana unatoka jasho na maji ya ndani yanakuwa baridi. Chokaa ile nayo hunywa maji ikayatunza. Uwanja humwagiliwa kila siku. Chokaa ikiwa na unyevu, Vumbi hutulia juu yake. Ikikauka, Vumbi hupeperuka, uwanja ukapasuka, mchezo ukaharibika. Mvua ikizidi, zile kokoto na mawe ya chini hupitisha maji yakaenda zake.

"Nami nina kazi yangu," anasema Vumbi. "Mpira ukinigonga, naushika kidogo. Unapunguza mwendo, halafu unaruka juu. Kwenye nyasi mpira huteleza chini chini na kupita upesi. Kwangu mimi mwenye nguvu za kupiga mara moja tu hafiki mbali. Anapiga, mwenzake anaufikia. Anapiga tena, mwenzake anaufikia tena. Kwangu hushinda mwenye subira, na mwenye miguu."

Anajisifu, lakini hasemi uongo.

Sasa twende kwenye historia. Kuna swali moja nataka mlishike mkononi njia nzima, maana litarudi na kurudi. Swali lenyewe ni hili: nani anaruhusiwa kucheza?

Mwaka 1891, Wafaransa waliandaa mashindano yao ya kwanza ya taifa. Nani anaruhusiwa kucheza? Wanaume tu. Na si wanaume wote, bali wanachama wa klabu za Ufaransa peke yao. Na mnajua nani alishinda mwaka huo wa kwanza? Mwingereza! Aliitwa Briggs. Alikuwa akiishi Paris na alikuwa mwanachama wa klabu ya pale, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumkatalia. Mimi kila nikifika hapo hucheka.

Mwaka 1897 wanawake wakaruhusiwa.

Mwaka 1925 wakaruhusiwa wachezaji wa klabu za nchi nyingine. Hapo ndipo mashindano yakawa ya dunia. Na aliyetawala upande wa wanawake siku zile alikuwa msichana wa Kifaransa, Suzanne Lenglen. Alipokuwa mdogo, baba yake alitandika leso uwanjani. "Piga leso," akamwambia. Suzanne akapiga. Leso ikasogezwa pembeni. "Piga leso." Akapiga tena. Alipokua, mpira wake ulikwenda alikotaka yeye. Alivaa sketi fupi kuliko desturi ya wakati ule, mikono wazi, na kitambaa cha hariri kichwani. Wazee wakanung'unika. Watu wakajaa kumtazama.

Akashinda mwaka 1925. Akashinda mwaka 1926. Halafu akakubali kulipwa fedha ili acheze.

"Kuna ubaya gani, Mjomba? Kazi si hulipwa?"

Umeuliza swali la haki kabisa. Zamani wenye tenisi walisema mchezo ni wa watu wa ridhaa, yaani wanaocheza bila malipo. Mwenye kuchukua mshahara wa kucheza aliitwa mchezaji wa kulipwa, na mchezaji wa kulipwa hakuruhusiwa kuingia kwenye mashindano makubwa. Ukitaka maoni yangu, sheria hiyo iliwafaa wenye mashamba na viwanda, ambao wangeweza kucheza mwaka mzima na bado wakala. Mtoto wa mtu wa kawaida angekula nini? Basi Suzanne, bingwa wa mabingwa, akafungiwa nje. Hakurudi tena kwenye mashindano haya. Leo uwanja wa pili kwa ukubwa pale Roland-Garros unaitwa Suzanne-Lenglen.

"Sasa na Roland Garros ni nani? Naye alikuwa bingwa?"

Nilikuwa nawasubiri hapo! Hapana. Roland Garros hakuwa bingwa wa tenisi. Alikuwa rubani. Na tena ni jirani yetu kidogo, maana alizaliwa kwenye bahari yetu hii hii ya Hindi, katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, tarehe 6 Oktoba 1888.

Mwaka 1913 hakuna mtu aliyewahi kuruka kwa ndege kuivuka bahari ya Mediterania bila kutua. Ndege za siku hizo zilikuwa mbao, nguo na waya. Tarehe 23 Septemba 1913, Garros aliondoka Fréjus, kusini mwa Ufaransa, asubuhi. Chini maji. Mbele maji. Nyuma maji. Injini ikimsumbua, hana pa kutua. Aliruka kwa muda wa karibu saa nane. Akatua Bizerte, nchini Tunisia, Afrika, na mafuta yakiwa yamebaki kidogo sana. Likumbukeni jina la Tunisia, tutalirudia.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Garros akapigana angani. Mwaka 1915 ndege yake ilishuka upande wa Wajerumani, wakamkamata. Akafungwa karibu miaka mitatu. Akatoroka, akarudi kwao, akapanda ndege tena. Tarehe 5 Oktoba 1918 alitunguliwa akafa. Kesho yake angetimiza miaka 30.

"Na tenisi imeingiaje?"

Imeingia hivi. Mwaka 1927 vijana wanne wa Kifaransa walikwenda Marekani kugombea Kombe la Davis, kombe ambalo nchi hushindana na nchi. Waliitwa Jacques Brugnon, Jean Borotra, Henri Cochet na René Lacoste. Wafaransa waliwaita Wapiganaji Wanne. Walishinda, wakarudi na kombe. Sasa sheria ilisema mwenye kombe ndiye mwenyeji mwaka unaofuata. Wageni watakuja, na Paris haina uwanja wa kuwatosha! Ikabidi ujengwe upesi. Ardhi ikapatikana magharibi mwa jiji, kwa msaada wa klabu ya Stade Français. Mkuu wa klabu hiyo, Émile Lesieur, alikuwa amesoma na Garros. Akasema: uwanja huo upewe jina la rafiki yangu. Ukafunguliwa mwaka 1928. Wafaransa wakalibakiza kombe, na hawakulipoteza mpaka mwaka 1933.

Na yule Lacoste, mwenye jina la utani la Mamba, ndiye huyo wa fulana zenye mamba kifuani. Nimeona mmoja wenu ameivaa hapa. Sasa unajua umevaa nani.

Vumbi anataka kusema.

"Hapa kwangu si michezo tu iliyofanyika," anasema, na sauti yake imeshuka. "Mwaka 1939 vita vingine vilipoanza, serikali ilikusanya wageni iliowatilia shaka ikawafungia humu uwanjani. Wengi wao walikuwa wakimbizi. Mwandishi Arthur Koestler alikuwa mmoja wao. Walilala chini ya majukwaa ya watazamaji, kwenye baridi. Mashindano yalirudi kama zamani mwaka 1946."

Basi hapo tusikae sana. Lakini msisahau.

Nani anaruhusiwa kucheza? Mwaka 1956 alikuja Paris dada mmoja mrefu kutoka Marekani, jina lake Althea Gibson. Alikulia Harlem, New York, akijifunza michezo mitaani. Marekani wakati huo, mtu mweusi alifungiwa milango ya klabu nyingi za tenisi. Althea alicheza fainali na Mwingereza Angela Mortimer. Seti ya kwanza alishinda 6-0. Seti ya pili ikawa vita. Sita sita. Nane nane. Kumi kumi. Mwishowe Althea 12-10. Hivyo ndivyo mtu mweusi alivyochukua kwa mara ya kwanza moja ya mataji yale manne makubwa. Akashinda na ubingwa wa wawili wawili, akiwa na mwenzake Angela Buxton, Mwingereza Myahudi, ambaye naye klabu za kwao zilimbagua.

"Wakacheza pamoja?"

Wakacheza pamoja, wakashinda pamoja.

Tufike mwaka 1968. Huu ndio mwaka mkubwa, wanangu. Wakuu wa tenisi walikuwa wamechoka na unafiki, kwa sababu wengi wa wale wa ridhaa walikuwa wakilipwa kwa kificho. Wakasema, basi, wote waingie, wa ridhaa na wa kulipwa. Roland-Garros yakawa ya kwanza kati ya yale makubwa manne kufungua mlango huo.

Lakini mwaka ulikuwaje? Paris nzima imegoma! Wanafunzi wako barabarani. Wafanyakazi wameacha viwanda. Treni hakuna. Ndege hakuna. Petroli hakuna. Wachezaji wengine walishukia nchi jirani wakatafuta magari ya kuwafikisha. Na watazamaji? Wakaja kwa miguu, wakaja kwa baiskeli, uwanja ukafurika. Kwani kazini hawaendi, sasa wakae nyumbani wafanye nini?

Kwenye fainali walikutana Waaustralia wawili, Ken Rosewall na Rod Laver. Huyu Rosewall nampenda. Alikuwa mdogo wa mwili, mpole. Mwaka 1953 alishinda hapo hapo Paris akiwa na miaka 18. Baadaye akawa mchezaji wa kulipwa, mlango ukamfungia. Sasa amerudi ana miaka 33. Akamshinda Laver kwa seti tatu dhidi ya moja. Kati ya ubingwa wake wa kwanza na wa pili ilipita miaka 15.

"Na upande wa wanawake?"

Alishinda Nancy Richey wa Marekani. Lakini yeye bado alikuwa ameandikishwa kama mchezaji wa ridhaa, kwa hiyo zawadi ya fedha hakuipata. Na zawadi yenyewe ya wanawake ilikuwa ndogo kuliko ya wanaume. Mpaka mwaka 2007 ndipo zawadi za wanaume na wanawake zililinganishwa zote. Mnahesabu? Kutoka 1968 mpaka 2007. Miaka 39 ya kulijadili jambo ambalo nyinyi mngelimaliza kabla ya chai.

Sasa turudi Afrika kidogo. Mwaka 1971, Arthur Ashe, bingwa mweusi wa Marekani, alipita Yaoundé, Kameruni. Akacheza na mtoto wa miaka 11. Baba wa mtoto ni Mkameruni, aliyekuwa mchezaji wa kandanda. Mama ni Mfaransa. Mtoto akapiga mpira, Ashe akashtuka. Akampelekea habari Philippe Chatrier, kiongozi wa tenisi Ufaransa. Mtoto akachukuliwa kwenda kufundishwa huko. Aliitwa Yannick Noah. Mwaka 1983, nywele zake za rasta zikiruka, alimshinda Mats Wilander wa Uswidi kwenye fainali. Baba yake akaruka kutoka jukwaani, akaingia uwanjani, wakakumbatiana. Tangu siku hiyo hakuna mwanamume mwingine wa Kifaransa aliyeshinda pale.

"Namkumbuka," anasema Vumbi. "Nilimganda mpaka magotini. Lakini niruhusu niwasimulie habari ya yule kijana."

Msimulie, Vumbi.

"Mwaka 1989 alikuja Michael Chang wa Marekani. Miaka 17! Mwembamba. Akapangwa na Ivan Lendl, namba moja wa dunia. Lendl akachukua seti ya kwanza. Akachukua ya pili. Watu wakasema basi, kijana akaoge. Kijana akachukua ya tatu. Akachukua ya nne. Ya tano misuli ikamkaza, miguu ikagoma. Hawezi hata kukaa, maana akikaa hatainuka. Akala ndizi. Akanywa maji. Kisha, zamu yake ya kuanzisha mpira, akafanya jambo ambalo watoto hufanya wakiwa hawajajua mchezo. Akaanzisha kwa chini! Mkono chini ya kiuno, mpira taratibu, pwii. Lendl akapigwa na butwaa. Akakimbilia mbele, akarudisha vibaya, Chang akampita. Uwanja ukalipuka. Mwisho, Chang akiwa amebakisha pointi moja ashinde, Lendl ndiye anaanzisha. Chang akasogea mbele kabisa, karibu na mstari, akasimama pale akimtazama. Lendl akakosa. Akarudia, akakosa tena. Kwisha! Walicheza zaidi ya saa nne na nusu."

"Halafu akawa bingwa?"

Akawa bingwa. Mpaka leo hakuna mwanamume mdogo kuliko yeye aliyechukua moja ya mataji yale manne.

Na mkisikia mtu anaitwa mfalme wa vumbi, ni Rafael Nadal wa Hispania. Alikuja mara ya kwanza mwaka 2005, akiwa na miaka 18, akashinda, akatimiza miaka 19 mashindano yakiendelea. Akashinda jumla mara 14. Katika mechi 116 alizocheza pale alishindwa nne tu. Sitaongeza neno, tarakimu hizo zinatosha. Mwaka 2025, baada ya kustaafu, waliweka kwenye uwanja mkuu kibao chenye alama ya unyayo wa kiatu chake.

"Mjomba, na mpira ukianguka karibu na mstari, nani anajua kama umetoka?"

Muulizeni Vumbi.

"Mimi ndiye shahidi! Mpira ukinigusa naacha alama. Mchezaji akibisha, mwamuzi hushuka kutoka kwenye kiti chake kirefu, anakuja, anainama, anatazama alama, ananyosha kidole. Mashindano mengine makubwa yameiachia mashine kazi hiyo. Kwangu, mwaka 2025 bado waamuzi wa mistari walikuwa watu, wenye macho yao na mimi. Wachezaji wengine hulalamika kwamba picha za televisheni zinasema vingine."

Hapo mimi siko upande wa Vumbi sana. Mashine ingepunguza ugomvi. Lakini nakiri kwamba kumwona mtu mzima aliyevaa koti anainama kuchungulia alama ya mpira kunanifurahisha.

Mmelikumbuka jina nililowaambia mlikumbuke?

"Tunisia!"

Vizuri sana! Mwaka 2011, kwenye mashindano ya wasichana wadogo pale pale Roland-Garros, bingwa alikuwa Ons Jabeur, binti wa miaka 16 kutoka Tunisia. Garros aliondoka Ufaransa akatua Tunisia. Ons alitoka Tunisia akaja kushinda kwenye uwanja wenye jina la Garros.

"Na wa kwetu, Mjomba? Mkenya au Mtanzania ameshinda lini pale?"

Bado. Angella Okutoyi wa Kenya alishinda ubingwa wa wasichana wa wawili wawili mwaka 2022, akiwa na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, lakini hiyo ilikuwa Wimbledon, kwenye nyasi.

"Kwani huku kwetu hakuna viwanja vya vumbi?"

Vipo, Nairobi viko kadhaa, na mashindano ya kimataifa yamechezwa juu yake. Haya, swali la nani sasa? Wewe wa nyuma, umeinua mkono muda mrefu.